Maoni: Tusikataze mchezo wa vita kwenye telefone, tukataze kuchelewesha zamu

Ndugu wasomaji na wasikilizaji wetu wa Bunia na pembeni, na nyinyi jamaa mlioko kambini, leo siandiki juu ya barabara wala juu ya bei ya unga wa muhogo. Ninaandika juu ya mchezo wa telefone. Najua wengine watasema mwandishi wenu amekosa habari. Muwe na subira kidogo, habari ipo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani hapa mjini, kutayarisha kipindi juu ya bomba za maji. Karibu na kibanda cha kuchaji telefone, vijana wanne walikuwa wamekaa juu ya benchi moja, wakicheza kwa telefone moja. Kila mmoja anacheza zamu yake, kisha anampa mwenzake. Mmoja wao, wa miaka 17, alikuwa anashindwa. Alibaki na mji mmoja tu. Zamu yake ilipofika alishika telefone, akatazama, na hakugusa kitu.

Dakika kumi zikapita. Ishirini. Wenzake wakamwambia: "Cheza basi!" Yeye akajibu: "Nafikiri." Mwenye telefone alikuwa amelipa franka 500 asubuhi ili kuchaji, na alikuwa anaona chaji inashuka. Mwishowe kioo kikawa cheusi. Yule kijana akarudisha telefone huku akicheka: "Sikushindwa. Mchezo haujaisha. Ukitaka tuendelee, nenda ulipe tena."

Kofi likatoka. Telefone ikaanguka juu ya jiwe, kioo kikapasuka kutoka kona hadi kona. Na telefone ile haikuwa ya mchezo tu. Ndiyo namba ambayo mama ya kijana anapokelea pesa kidogo kutoka kwa kaka yake anayefanya kazi migodini. Ndiyo namba iliyoandikwa kwenye orodha ya kugawiwa chakula. Ujumbe ukiingia sasa, lazima waombe jirani mwenye macho mazuri asome katikati ya nyufa.

Jioni kamati ya kambi ilikaa. Rais wa kambi alitoa pendekezo: kijana yeyote atakayekutwa anacheza michezo ya vita kwenye telefone, kibanda kisimchajie tena. Wazee wengi waliitika. Niliomba neno, wakanipa dakika mbili, nami sikuzitumia vizuri. Uamuzi utachukuliwa kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi. Ndiyo sababu ninaandika.

Maoni yangu ni haya: kilicholeta ugomvi si mchezo. Ni namna moja ya kucheza, ambayo hata wachezaji wenyewe ulimwenguni kote wanaichukia. Tukikataza mchezo mzima tutaacha ubaya wenyewe ukiwa mzima, na utarudi kupitia mlango mwingine.

Kwanza, kwa wazazi ambao hawaujui, niuelezee. Mchezo ambao vijana wale walikuwa nao unaitwa Polytopia. Ulitoka mwaka 2016, umetengenezwa Sweden na kampuni ndogo inayoitwa Midjiwan. Si mchezo wa kufyatua risasi. Unafanana zaidi na dama ile ambayo wazee wanacheza kwa vifuniko vya chupa chini ya mwembe: mimi nasogeza, halafu wewe unasogeza. Kila mchezaji anaanza na mji mmoja na askari mmoja, na ramani imefunikwa na mawingu. Unatuma watu wako, mawingu yanafunguka, unakuta vijiji, unavuna matunda, unawinda, unavua samaki, mji unakua. Baadaye unakutana na jirani yako, na hapo ndipo kichwa kinaanza kuuma. Unaweza kuucheza peke yako, au wengi kwa kupeana telefone moja, bila kununua megabaiti. Ndiyo sababu umeenea mahali ambapo pesa ya megabaiti haipo.

Nilicheza na vijana wale mara tatu kabla ya ugomvi, na nilishindwa mara tatu. Kwa hiyo nikisema kwamba kuna mbinu zinazokasirisha, nasema kitu ambacho kilinipata mwenyewe.

Kuna zile zinazokasirisha lakini ni za haki. Mfano ni askari wa farasi mwenye silaha nzito. Akimuua adui, anaingia mahali pake na anaruhusiwa kushambulia tena. Akiua tena, anaendelea tena. Siku moja nilipanga askari wangu watano mstari mmoja, nikajisifu, kisha nikampa mwenzangu telefone. Iliporudi mikononi mwangu, mstari wote ulikuwa umefutika, kazi ya farasi mmoja katika zamu moja! Nilitamani kuitupa telefone ile. Lakini kijana mdogo aliyekuwa karibu aliniambia: "Yaya, farasi yule hana ngao. Asipoua, anasimama hapo hapo. Weka mtu mwenye ngao katikati, halafu kesho yake umpige wewe." Nilijaribu. Ni kweli kabisa. Farasi aligonga ngao, akasimama, nami nikammaliza.

Kuna mtambo wa kurusha mawe, unaokupiga kutoka mbali bila wewe kuufikia. Unakasirisha, lakini hauwezi kujilinda hata kidogo, ukiukaribia umekwisha. Kuna yule mtu mwenye fimbo ambaye hapigi, anamgeuza tu askari wako akawa wake. Hebu fikiria uchungu: umelisha jitu lako zamu kumi, mtu mmoja dhaifu anakuja, analigusa, na jitu linageuka kukutazama. Tena tangu mwaka 2022 mchezo umeongezwa ubalozi, mapatano ya amani, na wapelelezi wasioonekana wanaoweza kuingia mjini kwako na kuzusha waasi. Nani atapenda hayo?

Lakini angalieni. Kila moja ya mbinu hizo ina dawa yake ndani ya mchezo wenyewe. Aliyekupiga nayo amekufundisha. Hasira yake inakupeleka nyumbani ukiwa unafikiria: ningefanya nini? Hasira ya namna hiyo ni shule. Mwalimu wangu wa hesabu wa sekondari alikuwa ananikasirisha vilevile.

Sasa kuna mbinu za pili, na hizi ndizo nazikataa. Nimeziona nne katika kambi ile.

Ya kwanza ni kuchelewesha zamu, ile ya Jumamosi. Mchelewaji hafikiri. Yeye hashindani na askari wako, anashindana na chaji yako na subira yako. Anajua kwamba mwenye telefone hana franka 500 nyingine. Kwa tajiri mwenye umeme nyumbani, kuchelewesha ni kero. Kwa mtu wa kambini, ni kuchukua kitu mfukoni mwake.

Ya pili ni kuondoka ukiona unashindwa. "Mama ananiita," anasema, anasimama, anaenda. Walioshinda wanabaki na ushindi ambao hauna mtu wa kuukubali. Saa mbili zao zimekwenda bure.

Ya tatu ni kuchungulia. Nimesema ramani imefunikwa na mawingu, na kila mmoja ana mawingu yake. Mkicheza kwa telefone moja, mtu anainamisha shingo kidogo na anaona miji yako yote. Au rafiki yake anasimama nyuma yako na kumkonyeza. Mbinu hii haina dawa ndani ya mchezo, kwa sababu haiko ndani ya mchezo.

Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote: kukubaliana kabla ya kuanza. Wawili wanakaa kwenye benchi wakiwa wameshapatana kumwangusha wa tatu. Kupatana katikati ya mchezo ni sawa. Nikiona jirani amekuwa na nguvu, nakuambia wewe, "Tumzuie huyu," na kila mtu anasikia. Hiyo ni siasa ya mchezo. Lakini nimeona wawili wakipatana kwa sababu tu wanatoka kijiji kimoja, na huyu wa tatu anatoka upande mwingine wa mto. Wanapomshambulia hawaangalii ramani. Mji wa wa nne uko karibu na ni dhaifu, wanauruka, wanaenda mbali kumpiga yeye.

Nilimwuliza kijana mmoja aliyefanyiwa hivyo kwa nini hachezi tena. Akanijibu kwa sauti ya chini: "Yaya, kushindwa si kitu. Lakini nilijua kabla ya kuanza."

Ndugu zangu, neno hilo lilinikaa. Sisi wa Ituri tunajua maana ya kujua kabla ya kuanza. Wengi mlioko kambini mlitoka Djugu na Irumu kwa sababu mtu alikuhesabu kwa jina la kijiji chako kabla ya kukuuliza wewe ni nani. Sitaki kulinganisha mchezo na msiba. Ninasema tu kwamba kijana anayejifunza kwenye benchi kwamba mshindi anapangwa kwa kuangalia atokako, amejifunza kitu kibaya. Na kijana anayejifunza kwenye benchi hilo hilo kwamba atashinda au atashindwa kwa akili yake mwenyewe, amejifunza kitu ambacho hatuna mahali pengi pa kumfundishia.

Mtaniuliza: tutafanya nini na wanaochelewesha? Jibu si jipya. Wacheza sataranji walipata shida hiyo hiyo zamani. Mwaka 1851, London, yalifanyika mashindano ya kwanza makubwa ya kimataifa ya sataranji. Hapakuwa na saa ya kupima zamu. Mtu aliweza kukaa mbele ya ubao muda wote anaotaka, na mwenzake akichoka, shauri yake. Howard Staunton, Mwingereza aliyekuwa na jina kubwa wakati ule, alishindwa na Elijah Williams na akalalamika sana juu ya uzito wa Williams kucheza. Wengine walisema Staunton analia kwa sababu ameshindwa. Inawezekana mambo yote mawili ni kweli.

Wangeweza kusema: sataranji inaleta ugomvi, tuikataze. Hawakufanya hivyo. Mwaka 1861, Adolf Anderssen na Ignatz Kolisch walipokutana, waliwekewa chupa za mchanga za kupima saa: mchanga wako ukiisha kabla ya kucheza idadi ya zamu mliyopatana, umeshindwa. Mwaka 1883, London tena, zikaletwa saa mbili zilizounganishwa, yako ikisimama ya mwenzako inatembea. Hadi leo sataranji inachezwa hivyo. Mbinu ya kuchelewesha ilikufa, mchezo ukaishi. Na ile michezo ya zamu inayochezwa na watu walio mbali kwa intaneti, Polytopia ikiwemo, nayo ina kipimo cha muda kwa kila zamu. Telefone ikipitishwa kutoka mkono hadi mkono ndipo hakuna anayehesabu. Hapo sisi wenyewe ndio tunapaswa kuhesabu.

Hata hatuhitaji kwenda London. Nendeni chini ya mwembe mkawaangalie wazee wa dama. Ukigusa kifuniko, umecheza. Anayesimama nyuma akisema "sogeza hiki" anafukuzwa. Mzee anayekawia sana wanamwimbia wote kwa pamoja mpaka aone haya. Hakuna aliyeandika sheria hizo, lakini kila anayekaa pale anazijua. Vijana wetu wamepewa mchezo wenye askari na miji, lakini hawakupewa mwembe.

Sasa nijibu neno la mama mmoja, ambalo lilinishinda kwenye mkutano. Alisema: "Mwanangu alikimbia vita akiwa na miaka tisa. Kwa nini ninunue chaji ili acheze vita?" Wote wakanyamaza, na mimi pia.

Mama, nimefikiria neno lako wiki nzima, na sitalipinga. Kama mwanao hataki, au kama mchezo unamrudishia usingizi mbaya, mzuie, una haki. Mzazi ndiye anayemjua mtoto. Lakini niliwauliza vijana wale wanapenda nini ndani yake, na hakuna aliyeniambia kuua. Mmoja alisema anapenda kuona mji wake unakua. Mwingine alisema anapenda kwamba kila mtu ana zamu yake, na zamu yako ikifika hakuna anayeweza kukunyang'anya. Katika maisha ya kambini, ambapo unapanga foleni ya maji, ya chakula, ya jina kwenye orodha, na mara nyingi foleni inarukwa na wenye kujuana, nadhani naelewa kwa nini zamu ya haki ni kitu kitamu. Na naelewa pia kwa nini anayeichezea anapigwa kofi, ingawa kofi ni kosa na aliyelitoa anajua.

Kwa hiyo, kwa kamati ya kambi na kwa vijana, haya ndiyo mapendekezo yangu, na ninaomba yajaribiwe mwezi mmoja kabla ya kukataza.

Moja: kila zamu iwe na dakika tatu. Mtu mmoja asiyecheza ahesabu kwa saa yake. Dakika zikiisha, telefone inapita, umecheza au hukucheza.

Mbili: kila mchezaji atoe sehemu yake ya pesa ya kuchaji kabla ya kuanza. Wakiwa wanne, ni franka 125 kila mmoja. Atakayechelewesha anachoma na pesa yake mwenyewe.

Tatu: asiyecheza asisimame nyuma ya anayecheza. Telefone inapopita, wengine wanageuza uso.

Nne: mapatano yote yasemwe kwa sauti, baada ya mchezo kuanza. Na wachezaji wapangwe kwa kura, si kwa kijiji. Karatasi ndogo kwenye kofia inatosha.

Tano: anayeshindwa aseme, "Nimeshindwa," na anayeshinda amshike mkono. Hakuna anayeondoka kabla ya hapo, isipokuwa mama anaita kweli. Na mama akiita kweli, mchezo unajiweka wenyewe ndani ya telefone, mtaendelea kesho.

Sheria hizi hazizuii farasi, wala mtambo wa mawe, wala mtu wa fimbo. Hizo ziachwe zikasirishe watu. Mtu akikasirishwa na farasi, ajifunze ngao.

Juzi nilirudi kambini. Kioo bado kimepasuka. Fundi anaomba dola kumi na tano, na hakuna mwenye nazo. Yule wa miaka 17 amepata kazi ya kubeba matofali siku mbili kwa wiki, na ameleta franka elfu tano za kwanza kwa mama ya mwenzake. Hakuna aliyemlazimisha. Aliyepiga kofi naye ameomba msamaha mbele ya wazee. Lakini wao wawili bado hawasemezani. Mmoja akikaa kwenye benchi, mwingine anasimama mbali kidogo, anatazama mchezo.

Niliwaambia juu ya dakika tatu. Yule wa 17 akauliza: "Na nikihitaji kufikiri kweli?" Nikamjibu afikiri wakati wengine wanacheza, kama sisi wote. Akacheka kidogo. Aliyempiga, kule alikosimama, alikuwa anasikiliza.

Mkutano wa kamati ni mwisho wa mwezi. Wazazi, msiwaachie wazee peke yao. Njooni mseme, na mje na vijana wenu, wasikilizwe nao pia. Zamu yao imefika.